Kofia ya Dohani

3 Machi

Shangazi,

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Jumapili baba alisema mezani kwamba kabla ya baridi kali kuanza Babu atahamishiwa kwa Baba Mkubwa, kule kwenye joto, na mimi nikafurahi. Niliinamia sahani wasinione uso. Niliwaza: sitapasua kuni tena alfajiri, sitazoa majivu, sitasikiliza kikohozi kupitia ukuta. Halafu nikainua macho nikamwona Babu anatafuna polepole kama mtu aliyewekewa karatasi mdomoni, na tangu hapo sijipendi.

Nimekosa adabu, nimeanza bila salamu. Shikamoo, Shangazi. Sijui hali yako huko kwenye tanuri la matofali, ila nakuombea vidole vyote kumi viwe mahali pake. Sisi tu wazima. Mama anashona, baba bado yuko kwenye kiwanda cha mbao na bado anarudi na vumbi la mbao masikioni. Mimi nimemaliza shule, na kwa sasa kazi yangu ni Babu.

Najua hatujawahi kuandikiana. Anwani nimeitoa nyuma ya bahasha uliyomtumia mama. Simu ingekuwa rahisi, lakini simu ya mama husikika mpaka kwa jirani, na mimi nikiishika maneno yote hukimbia. Babu aliniita Redio tangu nikiwa mdogo. Akiulizwa kwa nini, husema ni redio nzuri sana, tatizo betri.

Babu sasa analala sebuleni karibu na meko, maana chumba chake cha nyuma kimekuwa kama kisima. Moto unawaka kutwa. Tunamaliza mkokoteni mzima wa kuni na nyumba haipati joto. Ukikaa mbele ya meko magoti yanaungua na mgongo unaganda. Tena kadiri Babu anavyoongeza kuni, ndivyo vyumba vya nyuma vinavyozidi kupoa. Nilidhani ni mawazo yangu, lakini siku ambayo moto ulikuwa mkubwa kuliko zote, mafuta ya kupikia yaliganda kwenye chupa jikoni. Inawezekanaje?

Babu hataki kuhama. Mezani hakusema. Aliniambia mimi nikiwa nazoa majivu: "Redio, maisha yangu yote nimekaa kwenye treni, nikitia makaa. Sijawahi kuwa abiria hata siku moja. Sasa wanataka nikawe abiria kwa mwanangu."

Baba anasema sababu ni baridi tu, kifua cha mzee hakiiwezi. Basi nimefikiri hivi: baridi ikiondoka ndani ya nyumba, sababu nayo itaondoka. Wewe unakaa na moto kila siku. Moto wetu unakwenda wapi?

Na utakuja lini? Kitanda changu ni kipana.

Mtoto wa kaka yako,
Redio


21 Machi

Marahaba, Redio wangu.

Vidole vyote vipo, kimoja kimebadilika rangi tu. Huku mvua imetandika mpaka tumelifunika tanuri kwa mabati, lakini halizimwi, kwa hiyo nasi hatulali vizuri. Mwenzangu wa zamu ameoa, na sasa anakuja kazini amechanua nywele. Msalimie mama yako, mwambie lile gauni bado linanitosha, ila nisivute pumzi.

Kwanza hilo la kufurahi. Mtu aliyejitwika ndoo akiambiwa "tua" hufurahi kabla hajauliza ndoo inapelekwa wapi. Ni shingo iliyofurahi. Umenikabidhi, nimepokea, limekwisha.

Sasa moto. Moto mkubwa kwenye meko iliyo wazi ni mlevi, na kinywaji chake ni hewa. Anakunywa ile ile mliyokwisha kuipasha joto, anaitoa juu kwa dohani, njia ya moshi. Nyumba haikubali kubaki tupu, kwa hiyo huvuta hewa nyingine kutoka nje, chini ya milango na kwenye nyufa za madirisha, na hiyo ni ya baridi. Moto ukizidi, kiu inazidi. Ndiyo maana chumba cha nyuma kinaganda. Kisha moto ukizimika dohani inabaki mdomo wazi mpaka asubuhi, na joto lililobaki linapanda mbinguni bila kuitwa.

Babu yako anaendesha nyumba kama garimoshi. Tatizo ni kwamba nyumba haiendi popote.

Fanya hivi. Siku ya upepo, washa mshumaa utembee nao polepole kando ya kuta, milango na madirisha. Mwali ukiinama, hapo pana mwizi. Methali ya ufa na ukuta unaijua, sitakuchosha. Halafu, meko ikiwa baridi, ingiza kichwa utazame juu, pale dohani inapobana kama koo. Zamani palikuwa na bamba la chuma la kufungua na kufunga. Niambie kama lipo.

Usimwambie mzee kwamba haya yametoka kwangu. Akisikia jina langu ataongeza kuni.

Shangazi yako


9 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Tumefurahi kusikia una nguvu. Mama amecheka sana kuhusu gauni, anasema lete alitanue. Mdogo wangu ameng'oka jino na analionyesha hata kwa wasioomba.

Nimetembea na mshumaa. Baba alinikuta nimepiga magoti kwenye kona akauliza, "Umeanza uganga?" Sikujibu kwa sababu mwali ulikuwa unainama, na nilitaka kuona unainamia wapi. Wezi ni wengi kuliko nilivyodhani. Chini ya mlango wa mbele panapita kidole. Dirisha la Babu lina ufa upande wa juu. Lakini mwizi mkubwa ni pale meko inapokutana na ukuta, saruji imebanduka, na mshumaa ulizimika kabisa.

Mama ameshona nyoka wawili wa kitambaa, tumewajaza mchanga, wanalala chini ya milango. Ufa wa dirisha nimeuziba kwa karatasi na gundi ya unga. Jikoni mafuta yanaganda nusu chupa tu sasa. Baba ameona, ila amesema, "Nusu bado ni kuganda."

Bamba halipo. Pamebaki matundu mawili ya pini. Nilimuuliza Babu. Nilijiandaa siku nzima kumuuliza.

"Nililitoa mwenyewe," alisema, "mwaka niliostaafu. Lilikuwa linaunyonga moto. Moto lazima upumue, Redio. Wewe ukibanwa pua utafanya kazi?"

"Hapana, Babu."

"Haya basi."

Nilipouliza bamba lenyewe liko wapi, akakohoa mpaka nikaacha kuuliza.

Kwa kuwa bamba hakuna, nimepata wazo. Baba ataniletea gunia la vumbi la mbao kutoka kiwandani. Moto ukizimika nitalisukuma kwenye koo la dohani, na kabla ya kuwasha nitalitoa.

Shangazi, kwa nini Babu akisikia jina lako ataongeza kuni? Nilimuuliza mama, akasema ni habari za zamani, kisha akaniuliza kama nimeanua nguo. Na hukunijibu utakuja lini.

Redio


25 Aprili

Redio,

Marahaba, wasalimie wote, hongera kwa jino. Nimesoma barua yako nimesimama, naandika nimesimama.

Usiweke vumbi la mbao! Hicho ni chakula cha moto, huwezi kukiweka mdomoni mwake ukamwambia asitafune. Tumia nguo kuukuu za sufu. Funga kwenye gunia kitambaa chekundu kirefu, kining'inie mbele ya meko, ili yeyote anayetaka kuwasha akione kwanza. Wala usiweke kitu chochote mpaka majivu yawe baridi kiasi cha kulaza kiganja. Makaa yaliyofifia hutoa hewa isiyo na harufu, na hewa hiyo ikikosa pa kutokea inaua watu wakiwa usingizini. Soma mstari huo tena.

Naituma leo hii, ingawa wa posta wanasema mvua imekata barabara.

Uliyouliza kuhusu jina langu: mimi na baba yangu hatukugombana. Alisema mwanamke hawezi kukaa na moto. Nikaenda kukaa nao. Basi.

Shangazi yako


14 Mei

Redio,

Sijapata neno kutoka kwako. Huku tuko salama, mvua imepungua. Kama barua yangu ilipotea, narudia: nguo za sufu, kitambaa chekundu, majivu baridi. Kama haikupotea, niandikie hata mstari mmoja. Nikiona bahasha yenye mwandiko wako nitajua mnapumua.

Shangazi


2 Juni

Shikamoo Shangazi,

Tunapumua. Naomba radhi. Barua zako mbili zilifika siku moja, barabara ilipofunguliwa, na zilifika nimekwisha kuharibu.

Niliweka gunia la vumbi la mbao asubuhi, Babu akiwa nje anaota jua. Nilipanga kumwambia akirudi. Sentensi nilikuwa nimeiandaa, niliirudia kichwani: Babu, kuna kitu nimekiweka kwenye dohani. Aliporudi akaketi, akapanga kuni, nami nimesimama pale pale natafuta mahali pa kuianzia, yeye akawasha kiberiti.

Moshi ulijaa sebule kama mtu amemwaga maziwa. Gunia likashika moto. Baba alikuja na ndoo, mama akamtoa Babu kwa mkono, mdogo wangu anapiga kelele majirani wasikie. Babu alikohoa siku kadhaa. Muuguzi alimpa dawa akasema mapafu yake hayataki moshi wala baridi, na akanitazama mimi aliposema moshi.

Babu hakunigombeza. Alisema tu, "Redio, ungesema neno moja." Ningependa angenigombeza.

Jioni ile ile baba alimpigia Baba Mkubwa. Anakuja na gari mwisho wa mwezi wa saba. Kitanda kimekwisha kununuliwa. Baridi imefika, na Babu hachochei tena. Anaacha moto mdogo unafuka, anaweka mikono juu ya magoti kama mtu aliye kituoni.

Sikukuandikia kwa sababu sikuwa na la kusema ila hili.

Redio


15 Juni

Mpenzi wangu Redio,

Marahaba, na mshukuru Mungu kwa ndoo ya baba yako. Mimi nina afya, ila sauti imenikauka kwa vumbi.

Kosa umelilipia. Usililipe mara mbili, hakuna anayekurudishia chenji. Mimi mwaka wangu wa kwanza hapa nilifungua tanuri mapema kwa sababu niliona aibu kuuliza, na matofali yote yakapasuka kwa mlio kama wa bisi. Wakanipa ufagio. Kesho yake nikarudi.

Lakini nimefikiri, tumekosea pamoja. Tulianza na dohani, na tulipaswa kuanza na mzee. Huwezi kumwambia mtu aliyeishi kwa moto kwamba moto wake una makosa. Sasa fanya hivi. Siku kifua kimetulia, keti karibu naye umuulize swali moja: garimoshi likimaliza safari likalala stesheni mpaka kesho, bomba lake la moshi mlikuwa mnalifanyaje?

Kisha nyamaza. Usieleze, usimsaidie, hata kama kimya kitakuwa kizito kama gunia la saruji. Katika ukoo huu wote hakuna anayejua kunyamaza kama wewe. Siku zote umekuwa ukikionea aibu kimya chako. Leo kitumie.

Shangazi yako


6 Julai

Shikamoo Shangazi!

Mama hajambo, baba hajambo, mdogo wangu ameota jino jipya lililopinda. Siwezi kungoja, nakuandikia lile jambo.

Nilimuuliza. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, wengine wametoka. Babu aliniangalia kana kwamba kiti ndicho kilichosema.

"Bomba? Tulikuwa tunalivisha kofia."

Nikanyamaza.

"Injini haizimwi kabisa, mwanangu, maana kuipasha upya ni kazi ya nusu siku. Unaulaza moto. Unafunga milango ya hewa chini, halafu mmoja anapanda juu na bamba la chuma, anafunika bomba. Ndiyo kofia. Asubuhi ukigusa tumbo lake bado ni vuguvugu. Mtu akisahau kofia, usiku kucha bomba linavuta upepo, na kukicha mna chuma baridi na dereva mwenye matusi."

Nikaendelea kunyamaza. Shangazi, ilikuwa vigumu. Nilihesabu mistari ya kitambaa cha meza. Babu alitazama meko. Akaitazama dohani kutoka chini mpaka juu, kisha akarudi chini. Akakohoa kidogo, kikohozi cha kusafisha koo tu.

"Nyumba imelala stesheni," alisema. "Tena siku nyingi."

Halafu akanigeukia. "Redio, nani amekufundisha kuuliza kisha kufunga mdomo?"

"Mtu mmoja, Babu."

"Mtu gani?"

"Mtu anayekaa na moto."

Akanyamaza yeye sasa. Nilidhani ataongeza kuni. Akasema, "Nipe fimbo yangu," akatoka hadi mlango wa jikoni, akagonga chini kwa fimbo. Bamba! Ndilo lile tunalokanyaga kukung'utia matope kila siku. Nimelikanyaga maisha yangu yote.

Tulilisugua kwa mchanga. Baba aliporudi alitukuta weusi wote wawili. Akauliza kinachoendelea, na mimi nikajibu, Shangazi, nikajibu mwenyewe mpaka mwisho, nikaeleza koo la dohani, na kiu ya moto, na mwizi wa kwenye ukuta. Baba alishika kopo la chai bila kunywa. Kisha akaleta pini mpya na mnyororo kutoka kiwandani, akasema, "Naweka, lakini kaka yangu anakuja vile vile."

Sasa moto ni mdogo na mkali, na bamba linafunguliwa kiasi cha kupitisha moshi tu. Mlango wa ukumbini unafungwa. Tukienda kulala tunatoa makaa kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, tunayapeleka nje, tunangoja majivu yapoe, ndipo dohani inavaa kofia, na kitambaa chekundu kinaning'inia mbele. Chupa ya mafuta nimeihamishia kwenye rafu ya Babu. Asubuhi huwa yameganda chini, juu yanatembea.

Babu ameniagiza hivi, naandika kama alivyosema: "Mwambie huyo mtu wa moto kwamba injini hulala nje lakini mtu hulala ndani. Kofia isivaliwe mpaka majivu yafe. Amesikia?"

Redio


17 Julai

Redio,

Marahaba. Barua yako imenikuta zamu ya asubuhi na nimeisoma mara tatu, mwenzangu akadhani nimerithi shamba.

Mwambie huyo mzee wa treni kwamba nimesikia, na nakubaliana naye. Ni mara ya kwanza, aandike tarehe.

Basi la Ijumaa limebeba sanduku lenu. Ni matofali ya kuhimili moto, yenye kona zilizovunjika, yasiyouzika, msimamizi amenipa. Meko yenu ina kina kirefu mno, moto unakaa nyuma kama mtu mwenye haya (usikasirike). Yapangeni nyuma na pembeni, kuta za kando zitazame chumbani zikifunguka kama mikono ya anayekaribisha mgeni. Joto litatoka mbele, na matofali yataendelea kupumua joto muda mrefu baada ya moto kufa. Zibeni na ule ufa wa ukutani kwa chokaa na mchanga. Mzee apange, wewe umpokeze. Mgongo wake usiwe na la kusema.

Umeniuliza mara mbili nitakuja lini nami nikajifanya sikusoma. Likizo yangu ni mwezi wa tisa. Sijasema nakuja. Nimesema ni mwezi wa tisa.

Shangazi yako


2 Agosti

Shikamoo Shangazi,

Wote wazima, na utasikia hadi mwisho, lakini nitakwenda kwa mpangilio nisije nikaruka kitu.

Matofali yalifika. Babu alichukua moja akaligeuza, akapitisha kidole kwenye alama ya tanuri lenu iliyogongwa ubavuni.

"Hili limechomwa vizuri," alisema. "Halikuharakishwa."

Hakuuliza limetoka wapi. Tuliyapanga kwa siku mbili, yeye kwenye kigoda, mimi nikichanganya chokaa. Alinizomea sana. "Hilo limelewa! Linyooshe! Wewe Redio, unajenga au unatandika kitanda?" Sijawahi kuzomewa nikafurahi hivyo. Ufa wa ukutani nimeuziba mimi peke yangu, na mshumaa ukipita hapo sasa unasimama wima kama askari.

Baba Mkubwa alifika Jumamosi alasiri na gari la kuazima, godoro nyuma, blanketi mbili za kumfungia Babu njiani. Alishuka anatetemeka, anapuliza viganja. "Jamani, mnaishije huku?" Babu alikuwa amevaa soksi na amenyoa ndevu. Sanduku lake lilikuwa tayari mlangoni, nilipolipita nilitazama pembeni.

Baba Mkubwa alikaa. Baada ya chai akavua koti. Baadaye akavua sweta. Mama akasema, "Shemeji, shati nalo tulitundike wapi?" Baba akacheka, halafu akanyamaza ghafla kama mtu aliyesikia alichocheka.

Kulala alilala hapo hapo sebuleni, godoro chini, karibu na Babu. Tulitoa makaa, tukangoja, tukavisha kofia. Mimi sikusema kitu kuhusu chupa. Ilikuwa kwenye rafu yake.

Asubuhi nilipoingia na kuni, Babu alikuwa amelala bado, mdomo wazi, bila kukohoa. Baba Mkubwa ameketi kwenye godoro na fulana, blanketi zote mbili ziko miguuni. Baba yangu aliingia nyuma yangu. Hakumsalimia kaka yake. Alikwenda moja kwa moja kwenye rafu, akashika chupa, akaiinamisha. Mafuta yakatembea. Akaiinamisha upande wa pili, yakarudi. Ina maana alikuwa akiitazama kila siku na mimi sikujua.

"Kaka," alisema, "mimi sababu yangu ilikuwa baridi."

Baba Mkubwa akajikuna kichwa. "Na kitanda nimekwisha kununua."

"Nitakuja kukilalia," akasema Babu. Kumbe alikuwa macho! "Mwezi wa kumi na mbili. Nikatie tiketi ya kwenda na kurudi."

Mama akalirudisha sanduku chumbani bila kuambiwa na mtu. Muuguzi anasema kifua hakitapona kabisa, ni cha mzee, ila kimetulia, na Babu akae pale alipo.

Sasa sikiliza. Kabla Baba Mkubwa hajaondoka aliinama akachungulia kwenye meko, akagonga matofali kwa vidole. "Mzee, haya umefundishwa na nani? Umemwita fundi?"

Nilikuwa nyuma ya mlango na ndoo ya majivu. Babu aliegemea fimbo yake. Kisha akasema, taratibu, "Binti yangu. Huyu mnayemwona kimya ndiye aliyekuwa mikono, lakini kichwa ni binti yangu. Ni mchochea moto. Analisimamia tanuri kubwa kuliko nyumba hii, na halijazimika mikononi mwake. Watu husema moto huzaa majivu. Wangu mimi ulizaa moto."

Baba Mkubwa hakujua atazame wapi. Mimi nilidondosha mfuniko wa ndoo. Babu akaniita, akanishika sikio, siyo kwa nguvu.

"Umesikia?"

"Ndiyo, Babu."

"Huo mdomo wako nimeuzoea umefungwa. Hili usimwandikie. Akija nitamwambia mwenyewe, nikipata nafasi."

Nikakubali kwa kichwa tu, na wewe unajua kichwa changu hakina sauti.

Kwa hiyo nakuomba, Shangazi, nimekuletea hili kwa sababu siwezi kulibeba peke yangu mpaka mwezi wa tisa. Liache kwako. Usimwambie baba, usimwambie mama, wala usimdokeze Babu hata kwa utani. Ukija, keti, uliza habari za kuni, uliza kikohozi, lalamikia barabara. Atazunguka sana, ataanzia kwenye injini, atapitia kwenye chokaa. Mngoje. Na atakapofika, tafadhali, shangaa.

Redio